Umemuuliza Nani?

Usiku programu yangu ilipokufa kwa mara ya sita, niliandika barua pepe ambayo mpaka leo naionea haya.

Ilikuwa saa tisa usiku. Zilikuwa zimebaki wiki tatu niwasilishe rasimu ya tasnifu yangu ya uzamili. Programu ilikuwa na kazi moja: kusoma picha za satelaiti za mikoko ya delta ya Rufiji, za miaka tofauti, na kuzilinganisha kipande kwa kipande. Kila mara ilianza vizuri, ikaenda dakika kama kumi, kisha ikakatika. Haikuacha maelezo. Kwenye skrini lilibaki neno moja la Kiingereza, Killed, yaani imeuawa, na namba 137.

Mkosaji nilikuwa nimeshampata. Programu yangu, kabla ya kuanza kazi, huuliza mashine ina kumbukumbu kiasi gani, kisha hujichukulia nusu. Seva ya maabara ilijibu jibu lilelile kila usiku: gigabaiti 62 na ushei. Nusu yake ni 31, na kazi yangu ilihitaji kama 20. Hesabu zilikuwa sawa, kwa hiyo kibovu ni kifaa. Nikamwandikia msimamizi wangu, nakala kwa mkuu wa idara, kwamba kumbukumbu ya seva imeharibika na fundi wa maabara haitunzi. Neno "huenda" sikulitumia hata mara moja.

Fundi hakujibu. Ijumaa jioni alituma tangazo kwamba seva itazimwa mwisho wa wiki kwa ajili ya uchunguzi. Wanafunzi wenzangu waliokuwa na kazi zinazoendelea walilalamika kwenye kundi la WhatsApp. Mimi nilikaa kimya. Jumatatu asubuhi aliniita ofisini kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kaa."

Alinionyesha picha kwenye simu yake: skrini yenye safu za namba, na chini yake idadi ya makosa. Sifuri. Alikuwa ameipima kumbukumbu kwa saa kumi na tisa, Jumamosi nzima na sehemu ya usiku, akirudi mara kwa mara kuiangalia.

"Kumbukumbu ni nzima," alisema. "Sasa niambie. Programu yako ilipotaka kujua kuna kumbukumbu kiasi gani, ilimuuliza nani?"

"Iliiuliza kompyuta."

"Kompyuta ndiyo nani?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka pale nikiwa na hasira, na nikaanza kusoma ili nipate cha kumjibu. Nilisoma kwa siku kadhaa ambazo kwa kweli sikuwa nazo.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni hiki: kompyuta ya kwanza kuendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake ya kielektroniki haikujengwa ili imfanyie mtu hesabu. Ilijengwa ili kuipima kumbukumbu.

Hiyo ilikuwa Manchester, Uingereza. Freddie Williams na Tom Kilburn walikuwa wametoka kwenye kazi ya rada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walitaka kuhifadhi biti kwenye kioo cha bomba la elektroni, ndugu wa lile lililokuwa ndani ya televisheni za zamani. Kila biti ilikuwa doa dogo la chaji ya umeme kwenye uso wa kioo. Tatizo ni kwamba chaji huvuja. Katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho doa limekwisha kufifia. Kwa hiyo saketi ililazimika kusoma kila doa na kuliandika upya, bila kupumzika. Kufikia mwisho wa 1947 waliweza kuhifadhi biti 2,048 kwa saa nyingi.

Lakini kuhifadhi kitu kilichotulia ni jambo moja, na kukitumia ni jambo lingine. Je, madoa yale yangestahimili kusomwa na kuandikwa maelfu ya mara kwa sekunde, mara hapa, mara pale? Mkono wa binadamu haungeweza kuuliza swali hilo kwa kasi iliyotakiwa. Ilihitajika kompyuta. Basi wakaunda ndogo kabisa, iliyokuja kuitwa Baby: mistari 32 ya biti 32, jumla biti 1,024, ambazo ni baiti 128. Ujumbe mfupi wa simu wenye herufi 160 usingeenea humo.

Tarehe 21 Juni 1948, programu ya kwanza ilifanya kazi. Ilikuwa na maagizo 17. Ilitafuta kigawo kikubwa kuliko vyote cha 262,144, kwa kujaribu namba moja baada ya nyingine kuanzia juu kushuka chini, na kwa kuwa mashine haikujua kugawanya, ilitoa tena na tena. Baada ya dakika 52 na hatua kama milioni 3.5, ikatoa jibu: 131,072.

Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaona kwamba hiyo ni nusu tu ya namba ya mwanzo. Wao pia walijua. Hesabu haikuwa lengo. Walichagua swali ambalo jibu lake linajulikana na njia yake ni ndefu, kwa sababu biti moja tu ikipotea njiani jibu lingeharibika. Na jibu lilisomwa kwa macho: bomba jingine lilionyesha yaliyomo kwenye kumbukumbu kama safu za madoa angavu na hafifu. Ukitaka kujua kumbukumbu ina nini, unatazama kioo. Hapakuwa na mtu wa kati.

Miaka mitano baadaye, Marekani, jambo lilelile lilijirudia. Katika taasisi ya MIT, kundi la Jay Forrester lilikuwa likitengeneza kumbukumbu ya vipete vidogo vya sumaku vilivyosukwa kwenye nyaya kama shanga. Kipete kilikuwa na tabia ya ajabu: kukisoma ni kukifuta, kwa hiyo kila baada ya kusoma, mashine ilirudisha ilichokiondoa. Kabla ya kuiamini, walijenga kompyuta nzima kwa ajili ya kuijaribu, kazi iliyoongozwa na Ken Olsen, ambaye mwaka 1957 alikuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Digital Equipment Corporation. Jina la mashine lilisema kazi yake bila kuficha: Memory Test Computer. Mwaka huohuo wa 1953 kumbukumbu ile ikahamishiwa kwenye kompyuta yao kubwa, Whirlwind.

Niliposoma hayo nilianza kuelewa kwa nini fundi hakuipuuza barua yangu. Kumbukumbu za sasa, zile chipu nyeusi zilizopangwa kwenye kibao kirefu, nazo huvuja. Biti ni chaji ndani ya kapasita ndogo mno, na chaji hiyo huandikwa upya mara nyingi kila sekunde, kama ilivyokuwa Manchester. Na huweza kukosea hata bila kuharibika. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel walionyesha kwamba chembe kidogo za urani na thori zilizokuwa kwenye vifuniko vya chipu vyenyewe zilitoa mionzi iliyoweza kugeuza biti. Chipu nzima, kifuniko cha kawaida, na sifuri inageuka moja. Mtu akikuambia kumbukumbu imekosea, si upuuzi. Unazima mashine na unapima.

Lakini kwa nini azime seva nzima? Kwa nini asingeendesha programu ya kupima huku wengine wakiendelea na kazi zao? Jibu la swali hilo nililikuta Manchester tena, na aliyehusika ni Tom Kilburn yuleyule.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 tatizo halikuwa tena kama kumbukumbu inafanya kazi. Tatizo lilikuwa uchache. Kumbukumbu ya vipete ilikuwa ya haraka na ya gharama. Ngoma ya sumaku inayozunguka ilikuwa kubwa, nafuu, na ya polepole. Waandishi wa programu walitumia muda mwingi kuhamisha vitu kutoka ngoma kwenda kwenye vipete na kurudi, kama mama ntilie mwenye jiko moja na sufuria sita. Kilburn na wenzake waliamua kwamba kazi hiyo ifanywe na mashine. Kompyuta yao, Atlas, iliyozinduliwa Desemba 1962, ilikuwa na maneno 16,384 kwenye vipete na 98,304 kwenye ngoma, lakini programu iliona ghala moja tu, lenye nafasi ya anwani karibu milioni moja. Ghala liligawanywa katika kurasa za maneno 512. Programu ikitaja anwani, saketi hutazama kama ukurasa huo upo kwenye vipete. Kama haupo, programu husimamishwa, ukurasa huletwa kutoka kwenye ngoma, kisha programu huendelea pale ilipoishia bila kujua kwamba ilisimama.

Tangu hapo anwani ya programu ikawa kama S.L.P. Barua inakufikia, lakini hakuna anayeweza kujua kwa kuisoma nyumba yako iko mtaa gani. Na programu kuu iliyokaa katikati, ikijua kila ukurasa uko wapi na ni wa nani, waliiita Supervisor. Msimamizi. Nilicheka peke yangu maktabani, nikimkumbuka yule wa tasnifu, ambaye naye ndiye aliyekuwa na nakala ya barua yangu.

Kwa hiyo mtu aliyejenga kompyuta ili kuitazama kumbukumbu uso kwa uso ndiye aliyeiongoza kazi ya kuificha, miaka kumi na minne baadaye. Hakufanya kwa ubaya. Aliwapunguzia watu mzigo. Lakini kuanzia siku hiyo, programu iliyo ndani ya mfumo wa namna hiyo haiwezi kuchagua ni chipu ipi inaigusa. Ikiandika na kusoma na kuona sawa, imejua tu kwamba S.L.P. yake inapokea barua. Ndiyo maana programu maarufu ya kupimia, Memtest86, iliyoanzishwa na Chris Brady katika miaka ya 1990, huwashwa peke yake, kabla mfumo endeshi haujaamka. Na hata hiyo ina shida moja ya kibinadamu kabisa: nayo imekaa ndani ya kumbukumbu. Ili ipime pale ilipokaa, lazima kwanza ijihamishe ikakae pengine.

Nilirudi kwa fundi siku ya Alhamisi, safari hii bila hasira, na nikamweleza habari za Atlas. Alisikiliza, akaniuliza kama nimefika kwenye mashine za ujana wake. Alikuwa na maana ya IBM PC na ndugu zake.

Kompyuta hiyo, iliyotangazwa Agosti 1981, ilikuwa ndogo kiasi kwamba mambo ya Atlas hayakuwemo. Programu iliandika anwani na ikagusa chipu yenyewe. Ilikuwa kama kurudi kijijini ambako hakuna haja ya S.L.P., kila mtu anajua nyumba ya kila mtu. Na hapo ndipo programu za kawaida zingeweza kupima kumbukumbu kwa kubisha hodi. Unaandika namba kwenye anwani, unaisoma. Ikirudi kama ulivyoandika, unasonga mbele. Siku haikurudi, umefika mwisho. Watu walipenda kutumia 55 na AA za mfumo wa kumi na sita, kwa sababu kwa biti ni 01010101 na 10101010: kila biti hukaa jirani na iliyo kinyume chake, na ukibadilishana hizo mbili umeijaribu kila moja kwa sifuri na kwa moja.

Nilimwambia fundi kwamba pale ninapopanga tunafanya hivyohivyo na tenki la maji la uani. Unagonga ubavuni kuanzia chini kupanda juu, na sauti ikibadilika umejua maji yameishia wapi.

"Na huwa hukosei?"

Hukosea. Na programu zilikosea. Mahali pasipo na chipu yoyote, nyaya zenyewe zinaweza kubaki na chaji ya namba uliyoandika sasa hivi, na ukisoma haraka unaipata namba yako mwenyewe. Umesikia mwangwi, ukadhani kuna mtu ndani. Dawa yake ni kuandika kitu kingine pengine kabla ya kusoma, ili mwangwi uzimike. Kuna kosa jingine: kwenye baadhi ya mashine anwani zikipita mwisho huzunguka na kuanza upya, ukahesabu kilobaiti zilezile mara mbili. Na kuna anwani ambazo si kumbukumbu kabisa bali ni milango ya vifaa vingine; ukiandika huko bila kujua unaweza kukivuruga kifaa. Kubisha hodi kila nyumba kuna siku utabisha kwa mbwa mkali.

Kwa hiyo waliofuata ushauri hawakubisha hodi, waliuliza. Kwenye IBM PC kulikuwa na huduma namba 12 ya mfumo wa kumi na sita, iliyomo kwenye programu ya kuwashia mashine, BIOS. Ukiiita, inakupa idadi ya kilobaiti. Na BIOS ilijuaje? Hapo fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuzungumza. Kwenye modeli ile ya kwanza kabisa, BIOS ilisoma swichi ndogo zilizokuwa kwenye bodi ya ndani. Ukiongeza kumbukumbu, unafungua kasha na kuzipanga swichi kwa ncha ya kalamu.

"Sasa umemuuliza nani?" akasema.

Nimemuuliza fundi.

Mashine zilipokua, majibu yalizidi kuwa finyu kuliko swali. Huduma iliyofuata, ya kupima kumbukumbu iliyopita megabaiti ya kwanza, ilijibu kwa namba ya biti 16 ya kilobaiti, kwa hiyo haikuweza kutamka zaidi ya megabaiti 64. Ikaja nyingine, maarufu kwa namba yake E820, ambayo haitoi jumla bali ramani: kutoka hapa hadi hapa ni ruhusa kutumia, kutoka hapa hadi pale pameshikwa. Windows nayo ilikuwa na swali lililojibiwa kwa biti 32, na lilipokutana na mashine yenye zaidi ya gigabaiti 4 likatoa jibu lisilo sahihi, mpaka likaandikwa swali jipya. Na kwa kuwa mawazo ya Atlas yalikuwa yamesharudi kwenye kompyuta za mezani, programu ya kawaida haikuongea tena na BIOS. Iliuliza mfumo endeshi tu.

Kwenye Linux, jibu hilo huandikwa kwenye faili iitwayo /proc/meminfo. Mstari wa kwanza ni jumla ya kumbukumbu ya mashine, pungufu kidogo ya ile iliyonunuliwa kwa sababu mfumo umeshajitengea yake. Hiyo ndiyo 62 na ushei yangu, kutoka kwenye 64. Jibu lilikuwa la kweli. Lilikuwa la kweli kila usiku.

Lakini mwaka 2008 Linux ilipokea jambo jipya lililoanzia kwa wahandisi wa Google: njia ya kukusanya programu katika vikundi na kukipa kila kikundi mpaka wake wa kumbukumbu. Juu ya msingi huo yakajengwa makontena, vyumba vya kupanga ndani ya mashine moja. Ukiwa ndani ya kontena unajiona uko peke yako. Ila ukisoma /proc/meminfo, kwa kawaida unaambiwa habari za nyumba nzima, si za chumba chako. Si mimi peke yangu niliyenaswa. Java, inayotumika na makampuni makubwa duniani, ilikuwa ikiitazama nyumba nzima na kujichukulia sehemu yake, ikauawa vilevile; ni toleo la 10, mwaka 2018, lililoanza kuutazama mpaka wa kontena kama jambo la kawaida.

Na Linux haikatai ukiomba. Huahidi kwanza, kwa kutegemea kwamba wengi huomba zaidi ya watakachotumia. Programu yangu iliomba, ikakubaliwa, ikaanza kujaza picha, na ilipovuka mpaka ikapewa ishara namba 9, ile isiyojibiwa. 128 kujumlisha 9 ni 137. Niliitazama namba hiyo usiku sita bila kujua kwamba ilikuwa inaongea.

Alhamisi ile, mbele ya fundi, nilifungua faili nyingine ambayo sikuwahi kuifungua, memory.max. Ndani yake mlikuwa na namba moja: 4294967296. Gigabaiti 4 kamili.

"Hiyo nani kaiandika?" niliuliza, ingawa nilishajua.

Ameiandika yeye, miaka miwili iliyopita, baada ya kazi ya mwanafunzi mmoja kumeza kumbukumbu yote na kuangusha kazi za wengine kumi na wawili usiku wa kuamkia mawasilisho. Aligawa kilichopo kwa idadi ya watu. Kisha akaandika ukurasa wa mwongozo ulioeleza hayo yote, na kuuweka mahali ambapo kila mwanafunzi huingia. Niliwahi kuufungua ukurasa huo mara moja, nikanakili amri ya kuingilia, nikaufunga.

Programu yangu sasa huuliza mara mbili, mashine na kontena, na huchukua jibu dogo. Nilibadilisha usomaji wa picha ili ziingie vipande vipande. Kazi niliyotaka imalizike kwa saa tatu ilichukua usiku mbili, na ikamalizika. Rasimu niliiwasilisha siku moja kabla ya mwisho.

Kabla ya hapo niliandika barua pepe ya pili, kwa watu walewale, mistari mitano. Nilisema kumbukumbu ni nzima, ilikuwa nzima tangu mwanzo, na kwamba nilimtuhumu mtu bila kumuuliza. Msimamizi wangu alijibu kwa neno moja, "Sawa." Mkuu wa idara hakujibu. Fundi alinipigia simu.

"Nimeiona barua," alisema. "Ile mistari minne ya kusoma mpaka wa kontena, iweke kwenye ukurasa wa mwongozo. Juu kabisa, kabla ya amri ya kuingilia. Wenzako wasije wakaniharibia Jumamosi nyingine."

Niliiweka jioni ileile.